Litania ya Mpungani

Watu wa jumuiya yetu hapa Ilembo wananilalamikia. Wanasema nikifika msibani sina adabu. Wenzangu wanaingia, wanavua viatu, wanakaa mkekani, wanatoa pole, wanauliza marehemu aliumwa nini na alisema nini mara ya mwisho. Mimi kwanza nazunguka nyuma ya nyumba. Naangalia kama kuku wamefungiwa, kama kuni zipo, kama mbuzi aliyefungwa kamba amepewa maji. Halafu ndipo naingia, nakaa karibu na mfiwa, na swali langu ni hilo hilo kila siku: shambani una nini, na nani anakilinda?

Juzijuzi mama mmoja wa kamati aliniita pembeni. "Dada, sisi tunakuja kufariji, hatuji kukagua." Nikamwambia sawa, nimesikia. Msiba uliofuata nikazunguka tena nyuma ya nyumba.

Sina ugomvi na kusali, watu wasinielewe vibaya. Nauza mchele sokoni Kashaulili, na saa ambazo wateja hawaji rozari yangu iko mfukoni mwa aproni, vidole vinaendelea na kazi yake. Lakini namna hii ya kwenda msibani niliipata kule bondeni Mpimbwe, mwaka aliokufa mume wangu, na nimechoka kumweleza mtu mmoja mmoja. Acha niieleze mara moja.

Mimi nimezaliwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, kwa wazazi waliotoka Burundi. Nyumbani tulikuwa walokole. Baba alisali kwa Kirundi na alisali kwa nguvu, alfajiri jirani hakuhitaji jogoo. Hatukuona aibu, maana jirani naye alikuwa anasali hivyo hivyo. Kwetu ukiwa na shida unamwambia Mungu shida yenyewe kwa jina lake: mbuzi amepotea, mtoto anaharisha, paa linavuja upande wa jikoni. Nilikua nikidhani watu wote duniani wanaongea na Mungu namna hiyo.

Mume wangu alikuwa Mpimbwe kwa kabila, Mkatoliki, mkulima wa mpunga. Alikuja Mpanda kuuza, mimi nilikuwa nauza unga wa muhogo hapo hapo Kashaulili. Alipenda kuwaambia watu kwamba alinisikia kabla hajaniona. Nilifundishwa mafundisho, tukafunga ndoa kanisani, nikahamia kwao bondeni, kwenye nyumba ya bati aliyoijenga karibu na ya mama yake.

Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye kujua sala zote kwa kichwa na mwenye kujua pia nani kijijini hazijui. Alinipokea vizuri. Alinifundisha kupepeta mpunga kwa namna yao na kupika samaki wakavu wa kutoka Kapalamsenga bila kuwavunja. Kitu kimoja tu kilimshinda, na kilikuwa sauti yangu. Nikisali jikoni peke yangu, nilisali kama nilivyolelewa, na yeye kutoka uani kwake alikuwa anaita, "We mlokole! Punguza! Mungu si kiziwi." Watoto wangu walilidaka neno hilo, wakawa wananitania nalo. Mume wangu alikuwa anacheka tu, hakumtetea mtu.

Mwaka ule tulichelewa kupanda. Ng'ombe wa kulimia tulishirikiana na watu wengine na zamu yetu ilikuja mwisho. Basi wenzetu walipokuwa wanaanika mpunga uani, wetu ndiyo kwanza ulikuwa na maziwa, ukibana suke kwa kucha linatoa uji mweupe. Mkulima yeyote wa bonde lile anajua maana yake. Kwelea, wale ndege wadogo wala nafaka, waliokuwa wanagawana mashamba ya kijiji kizima sasa wana shamba moja la kulia. Na letu lilikuwa mwisho kabisa wa bonde, ng'ambo ya kijito, mahali ambapo mtu hapiti kama hana jambo huko.

Tuliamia kwa zamu, mimi na yeye, asubuhi na jioni. Kuamia maana yake unakaa kwenye kichanja cha miti, unapiga kelele, unapiga debe, unarusha udongo kwa kombeo, ndege wanaruka kutoka jaruba hili wanatua lile, unaanza upya. Ni kazi ya kuchosha na haina heshima yoyote. Mume wangu alitengeneza pia sanamu ya majani, akaivalisha shati lake la bluu lililochanika kwapani. Ndege waliiogopa siku chache, kisha wakaizoea.

Mpunga ule ndio ulikuwa chakula chetu cha mwaka, sisi, watoto wetu watatu na mama yake. Mbegu ya msimu unaofuata ilikuwa humo humo. Mahindi ya upande wa juu tembo walitoka hifadhini wakayamaliza tangu mwezi wa tatu. Kwa hiyo tulikuwa na majaruba yale tu, basi.

Alianza kulalamika tumbo akiwa kichanjani. Alishuka akatembea mwenyewe mpaka nyumbani. Kesho yake zahanati wakasema apelekwe Mpanda, tukapata gari la mtu aliyekuwa anapeleka mpunga mjini. Alikata roho ndani ya hifadhi, kabla hatujafika Sitalike. Barabara ile hairuhusiwi kushuka garini kwa sababu ya wanyama, kwa hiyo nililia nimekaa, kichwa chake kimenilalia mapajani, na dereva akageuza gari polepole. Kulikuwa na twiga pembeni. Mpaka leo nikipita pale natazama upande wa pili.

Tulimzika. Wakaja watu wengi sana, alikuwa anapendwa. Na kwao, mtu akifa, watu wa nyumba ile hawashiki jembe wala mundu mpaka matanga yaanuliwe. Mjane ndiyo kabisa, haruhusiwi kutoka. Anakaa chumbani mkekani, amejifunika kanga kichwani, na haongei na watu ovyo. Akiwa na haja anamnong'oneza wifi yake, wifi anapeleka neno. Sikuona ubaya wa desturi hiyo wakati ule, na sasa pia siioni mbaya. Siku mbili za kwanza ilinifaa. Sikuwa na neno la kumwambia mtu.

Jumuiya ikaamua kutufanyia novena nzima, siku tisa, kila jioni rozari nyumbani kwetu. Walifanya hivyo kwa upendo. Walikuja wote, hata wazee wa kutembelea fimbo, walikuja na unga, na maharage, na kuni kichwani. Wakikaa walinipa yale maneno yanayotolewa. Jikaze mama. Ni mipango ya Mungu. Mungu amempenda zaidi. Hilo la mwisho lilinichoma. Amempenda zaidi ya nani? Mimi nilimpenda kidogo? Lakini mjane hajibu, kwa hiyo nilikuwa natikisa kichwa chini ya kanga, wanasema maskini amekubali.

Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa fundi baiskeli, mtu mpole, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba mikono yake ya grisi ndiyo iliyokuwa inaongea. Ndiye aliyeongoza. Walikuwa wakianza rozari jua likiwa limeshaanza kuinama, na hapo hapo, wakati wanaingia tendo la kwanza, nilikuwa nasikia kitu kinapita juu ya bati. Mvumo, kama mtu anaburuta turubai juu ya nyumba. Unapita, unakwisha, unakuja mwingine. Nyumba nzima inasema Salamu Maria na mimi nahesabu makundi.

Ni kwelea. Walikuwa wanatoka kwenye mafunjo wanakolala mchana, wanakwenda ng'ambo ya kijito.

Nikamvuta wifi yangu upindo wa nguo. "Wifi, shambani yuko nani?"

"Wapo watu," akaninong'oneza. "Usiwaze hayo. Lia tu."

Nikaamini. Kijiji kizima kipo kwangu, watakosekanaje watu wawili wa kukaa kichanjani? Lakini kesho yake makundi yalipita vile vile, na nilisubiri kusikia debe. Jioni ikitulia, debe la shambani kwetu linasikika mpaka nyumbani, mume wangu alikuwa ananiambia kwa debe kwamba anarudi, nibandike ugali. Nilitega sikio. Hakuna debe. Nikamuuliza tena wifi, safari hii akakunja uso. "Wapo watu, nimekwambia. Wifi, watu watasemaje wakikusikia?"

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli. Kufa kwake kulishanipiga, nilikuwa nimelala chini tayari. Hofu hii ilikuwa nyingine, ya mtu anayeangalia maji yanaingia nyumbani naye amefungwa miguu. Nikitoka, nitakuwa mke aliyeuacha mkeka wa marehemu akakimbilia mpunga. Mrundi wa makazini, wangesema, tuliwaambia. Nikikaa, watoto wangu watakula nini mwezi wa kumi na mbili? Nilijaribu kusali kwa ndani, kimya kimya kama mama mkwe anavyotaka, sala ikakataa kutoka. Sijui kusali bila mdomo. Nilikuwa na hasira na Mungu, na wifi, na wale watu wote wazuri waliojaa nyumba yangu.

Jioni ya tatu baada ya maziko, kabla ya rozari, wakasoma Injili, kisha wakaja kwenye nia. Kwenye jumuiya kila mwenye nia anaisema, na wote wanaitikia. Mmoja akamwombea marehemu pumziko. Mwingine akawaombea yatima. Wifi akaombea familia amani. Halafu mwenyekiti, kwa wema wake, akageukia mlango wa chumba nilichokaa akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Na mfiwa wetu, kama ana nia, tumsaidie kuomba."

Nilikuwa sijaongea kwa sauti tangu siku ya gari. Nikafungua mdomo, ikatoka sauti ya baba yangu.

"Ee Mungu, wafukuze ndege kwenye mpunga wangu! Wanaula! Wanaula tangu juzi, nawasikia wanapita hapa juu ya bati, na debe halipigwi! Mungu wangu, mpunga una maziwa, wataumaliza!"

Nadhani hata waliokuwa jikoni waliacha kukoroga. Kisha bibi mmoja aliyekuwa amesinzia kwenye kona akasikia tu kwamba nia imekwisha, akaitikia kama alivyozoea miaka yote, "Ee Bwana, twakuomba utusikie," na watu wakamfuata wote kwa mazoea, sauti moja nzuri kabisa, kisha wakagutuka wakaanza kutazamana.

Wifi akawahi. "Wifi, jamani! Udongo haujakauka, wewe unawaza mpunga?"

Nilikuwa nalia sasa, kilio chenyewe, sijui kilikuwa cha mpunga au cha nani.

Mama mkwe alikuwa amekaa karibu na mlango, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. Tangu mwanawe afe alikuwa hajalia mbele ya watu. Alikuwa anasahihisha wanaokosea sala, basi. Akauliza polepole, "Nani anaamia kule?"

Mwenyekiti akasema alijua shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ameweka mtu. Shemeji akaitwa kutoka nje kwenye moto wa wanaume, akasema yeye alijua jumuiya imepanga zamu, si jumuiya ndiyo hupanga? Mama wa zamu za chakula akasema zamu alizopanga ni za maji na kuni. Wifi akasema aliambiwa wapo watu. Na nani? Na watu. Basi ikawa hivyo. Wote walikuwa wameshavuna. Mpunga wao uko ndani kwenye magunia, na mtu mwenye mpunga ndani hasikii ndege, hata wakimpitia juu ya kichwa. Walikuwa wameacha kazi zao zote kuja kukaa na mimi, na kwa sababu wote walikuwa wamekaa na mimi, shambani hakukuwa na hata mtu mmoja.

"Loo," alisema mwenyekiti, akashika kichwa.

Shemeji akasema angekwenda yeye sasa hivi, lakini ni mtu wa nyumba hii, na matanga hayajaanuliwa. Mzee mmoja akasema hata watu wengine si vizuri kwenda kufanya kazi kwenye shamba la marehemu kabla ya matanga, inaonekana kama watu wana haraka naye. Wakaanza kubishana kwa heshima, kila mtu anaanza na "mimi naona." Ndege wakapita tena juu. Safari hii kila mtu aliinua uso akatazama bati.

Mama mkwe akakunja miguu akasimama. "Rozari tumeshaanza?"

"Bado, mama," akasema mwenyekiti.

"Tutaisalia kule."

"Kule wapi?"

"Mpungani. Sijasema tukavune, sijasema tukalime. Nimesema tukasali. Kusali ni kazi?"

Watu wakaanza kutafuta viatu vyao.

Mwenyekiti akakuna shingo. "Na debe je, mama? Maana debe..."

"Debe ni ngoma. Siku hizi mpaka kanisani mnapiga ngoma, mimi nilikataza?" Akaingia chumbani, akanivuta mkono, akanivutia kanga mpaka machoni. "Na huyu atakwenda amefunikwa. Atakuwa ametoka na hajatoka."

Sijawahi kuona msafara kama ule na sidhani kama nitauona tena. Wazee wa fimbo mbele, akina mama na sufuria na miiko ya msibani, mtu amebeba ndoo ya bati, bibi aliyesinzia amebebwa kwenye baiskeli ya mwenyekiti. Mimi katikati nimeshikwa mkono kama kipofu, natazama visigino vya wifi kwa chini ya kanga. Wifi alikuwa amebeba mfuniko wa sufuria na alikuwa hajui auweke wapi.

Tulipovuka kijito nikasikia wanakula. Mtu asiyelima anaweza asiamini, lakini kwelea wengi wakila wanasikika, ni mchakacho mdogo mdogo usiokwisha. Nikafunua kanga. Upande wa kijito masuke yalikuwa yamesimama wima, meupe, hayana kitu. Mpunga wenye kitu unainama. Huku mbali kidogo ulikuwa bado umeinama, na juu yake ndege wamejaa mpaka mabua yanagusa maji. Na katikati ile sanamu, na shati la bluu, na ndege wamekaa mabegani wamepumzika.

Mama mkwe alisimama. Alitazama shati lile muda. Nguo zote za mwanawe alikuwa amezikusanya mwenyewe, amezifunga kwenye shuka, zigawiwe siku ya kuanua matanga. Hii hakuikumbuka.

Mwenyekiti akapiga ishara ya msalaba akaanza, na watu wakaitikia, na walisali vizuri sana, kama kanisani siku ya Ijumaa Kuu. Ndege hawakugeuza hata shingo. Akamaliza tendo la kwanza. Mtu mmoja akagonga ndoo kwa aibu, kidogo tu, ti, ti.

"Unamnong'oneza nani?" mama mkwe akamwambia mwenyekiti. "Hawa wamekuja kula, hawakuja kusikiliza siri. Twende kwenye litania, litania ina kuitikia kufupi." Kisha akanigeukia mimi. "Wewe mlokole. Ongoza."

Litania sikuwa naijua kwa mpangilio. Nilijua ina majina mengi ya Mama Maria na kila jina watu wanasema "Utuombee." Nikaanza na yale niliyoyakumbuka, kwa sauti yote niliyopewa. Kila "Utuombee!" ikaja na sufuria, na ndoo, na mfuniko wa wifi, na wazee wanapiga fimbo kwenye miti ya kichanja. Ndege wakainuka wote kwa mara moja, ikawa giza dogo likapita, wakatua jaruba la mwisho. Tukawafuata kwenye tuta, jina lingine, "Utuombee!" Wakainuka tena. Majina yakaniishia. Nikaanza kutaja ya kwangu, kama baba: mama wa wenye mpunga, mama wa wajane, mama wa waliofia barabarani. Hakuna aliyenisahihisha, hata yule wa kusahihisha. Nilimsikia nyuma yangu, sauti kali ya mwanamke mfupi, ikishinda debe: "Utuombee! Utuombee!" Nikageuka. Alikuwa analia machozi mpaka kidevuni na anapiga kifuniko cha chungu kwa jiwe, hatazami mtu.

Nilipata pumzi. Sina maneno mengine. Tangu ile barabara ya hifadhini nilikuwa sijavuta pumzi ikafika chini, na pale kwenye tuta, miguu imejaa matope, koo limekauka, ikafika. Hakuna aliyeniambia jambo jipya kuhusu kifo. Mume wangu alikuwa amekufa vile vile.

Novena yote iliyobaki ilisaliwa mpungani, na asubuhi akina mama walipeana zamu ya kuja "kusali masifu," ndivyo walivyoita, wawili wawili, na debe. Wifi alikuja zaidi ya zamu zake. Siku moja alinikatia kipande cha muhogo wa kuchoma akanipa, nikala.

Siku ya kuanua matanga nguo ziligawiwa. Mtu akakumbusha kwamba kuna shati shambani, liletwe lihesabiwe na mengine. Mama mkwe akasema, "Hilo liacheni. Huyo bado yuko zamu."

Jumuiya ndiyo iliyovuna. Upande wa kijito haukutoa kitu ila makapi, tulilisha ng'ombe. Uliobaki ulitosha kula kwa kujibana, na mbegu ikapatikana. Ningependa kusema Mungu aliujaza kwa muujiza, lakini hapana, ulikuwa pungufu, na mwezi wa kwanza tulikula viazi zaidi ya wali. Miaka kadhaa baadaye, alipofariki na mama mkwe, nilihamia huku Ilembo kwa ajili ya shule za watoto. Ndiyo maana nikija msibani kwako nazunguka nyuma ya nyumba. Nikisikia watu wanasema "wapo watu," nywele zinanisimama.

Lakini nimeruka kitu. Siku tuliyokoboa mpunga mpya, mama mkwe alipika mwenyewe. Hakukuwa na wageni, ni yeye, mimi na watoto, mkekani uani kwake, wali na samaki wa Kapalamsenga. Shati la bluu alikuwa amelifua, liko kambani linakauka, kwapa ameshalishona. Sala ya chakula nyumbani kwake ilikuwa yake siku zote, fupi, ya chini, hata usipokuwa makini inakupita. Watoto wakafumba macho wakamsubiri. Yeye akanitazama.

"Leo sali wewe," akasema.

Nikakunja mikono, nikaanza taratibu kwa kumheshimu. Akanikatiza.

"Siyo hivyo. Sali kwa sauti, kama kule."

Mtoto wangu mkubwa akafumbua jicho moja. "Bibi, si unasema Mungu si kiziwi?"

"Mungu si kiziwi, nani amesema ni kiziwi?" Alikuwa anapanga vipande vya samaki kwenye sahani, hakuinua uso. "Ila mwanangu ameenda mbali."

Nikasali kwa sauti. Kuku wote walitoka uani mbio.